Chumba cha vioo nyuma ya nyumba, Nyali: kuna aliyejenga akaweza kukikalia mchana?

BintiMkomani

Asalaam alaykum jamaa. Nataka ushauri wa watu wa Mombasa hasa, maana nikiuliza kwengine naletewa picha za nyumba zenye theluji nje.

Mambo ni haya. Shemeji yangu yuko Toronto, na kwake ana chumba cha vioo kilichoungwa na sebule: paa kioo, kuta kioo, ndani viti vya mianzi na maua. Mavyaa, yaani mama mkwe wangu, alipokwenda kumtembelea alikipenda mno, basi sasa shemeji asema atatoa pesa tujenge kama hicho hapa Nyali. Sakafu ya saruji tunayo tayari nyuma ya nyumba, mita 4 kwa 3, inatazama magharibi. Kando yake pana mnazi mmoja mrefu.

Sababu zetu ni tatu. Mavyaa apate mahali penye mwanga pa kusomea msahafu. Mvua ya masika isimrushie maji kama imrushiavyo barazani. Na daktari amemwambia apate jua zaidi kwa ajili ya vitamini D.

Fundi tuliyemwita asema hakuna taabu: kioo cha tinti, mapazia mazito ndani, AC moja, kwisha. Mume wangu ameshakubali. Mimi roho yasitasita. Mwaonaje?

PankaHaizimwi

Paa la kioo. Linatazama magharibi. Mwezi wa tatu. Dada, humo mkate wa sinia utaiva bila mkaa.

MchoraRamani

Mwenzangu hapo juu afanya mzaha, lakini hayuko mbali. Tuhesabu.

Jua la adhuhuri hapa kwetu, siku isiyo na mawingu, humwaga karibu wati 1,000 juu ya kila mita mraba iliyolala. Paa lenu ni mita mraba 12, yaani kilowati 12. Kioo cheupe cha milimita 6 hupitisha takriban asilimia 80 ya joto hilo. Kwa hivyo mna kilowati 9 na ushei zinazoingia kwa paa peke yake, ukuta wa magharibi bado sijauhesabu. AC ya BTU 12,000, ile ya kawaida ya chumba cha kulala, huondoa kilowati 3.5. Nakuachia wewe useme zatakiwa ngapi, na nani atalipa umeme.

Na joto likishaingia halitoki upesi. Mwanga wa jua hupenya kioo, hupiga sakafu na viti, navyo vikapata moto. Vitu hivyo hutoa joto la mawimbi marefu, na hayo kioo hakiyapitishi. Ndiyo maana pazia la ndani halifui dafu: likishapata moto, joto lake limo chumbani tayari. Kivuli lazima kiwe nje ya kioo.

Shemeji hakosei kwa Toronto. Kule wako nyuzi 43 kaskazini mwa ikweta. Januari jua liko chini, laingia kwa ubavu, na nje ni chini ya sifuri. Kila joto wanalolinasa ni faida kwao. Sisi tuko nyuzi 4 kusini. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hutupita utosini kabisa, na Machi ndio mwezi ambao mji huu hufika nyuzijoto 32 au 33 kivulini.

Kuhusu pande: macheo na machweo ndizo mbaya, kwa kuwa jua liko chini na hakuna upenu utakaolizuia. Kaskazini na kusini ni rahisi. Kioo cha kimo cha mita 2.4 kinachotazama kaskazini kwahitaji upenu wa kama mita 1.25 kukingwa na jua la adhuhuri la Juni. Kinachotazama kusini chahitaji kama sentimita 85 tu kwa lile la Desemba. Nyinyi mmeangukia upande usio na dawa nyepesi.

BintiMkomani

Shukran sana. Sasa hiyo tinti ambayo fundi anaisifu, haipunguzi?

FundiVioo_Kisauni

Mimi kazi yangu ni alumini na vioo, kwa hivyo nikisema paa hilo lisijengwe najinyima riziki. Lakini nitasema.

Tinti haifukuzi joto, yalimeza. Kioo cha rangi ya shaba au kijivu hupata moto chenyewe, saa tisa ukikigusa waondoa mkono, na moto huo chautoa nje na ndani pia. Mwanga mavyaa atapunguziwa, joto si sana. Halafu kuna jambo ambalo wateja hawaambiwi: kioo cha tinti ambacho hakikukazwa kwa moto, kikiwa nusu juani na nusu kivulini, huweza kupasuka kuanzia ukingoni bila mtu kukigusa, kwa sababu katikati kumetanuka na ukingoni bado. Na nyinyi mna mnazi unaotembeza kivuli juu ya paa mchana kutwa.

Kipo kioo bora, cha tabaka mbili chenye utando wa metali usioonekana, ambacho hupitisha kama robo tu ya joto la jua. Sharti kiagizwe, na bei yake mtaikalia kikao. Nako robo ya kilowati 12 za mwenzangu ni kilowati 3. Yaani umenunua kioo cha ghali na bado AC nzima yafanya kazi ya paa tu.

Sasa usalama. Juu ya kichwa cha mtu hakiwekwi kioo cha kawaida, wala kile kilichokazwa kwa moto kikiwa peke yake, kwani kikivunjika chamwagika chembechembe zote kwa pamoja. Yatakiwa lamineti: vioo viwili vimeshikwa na utando wa plastiki katikati, hata kikipasuka vipande vyabaki vimeng'ang'ana. Uzito wake ni huu: kioo ni kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene katika mita mraba. Ukiweka 6 na 6, ni kilo 30. Mara 12 ni kilo 360, fremu haijaingia. Muulizeni huyo fundi wenu atatumia bomba la unene gani. Akiwaonyesha lile la madirisha, mpeni chai mumuage.

Chumvi nayo. Nyali hewa ya bahari yaingia hadi ndani ya swichi. Skrubu ziwe za stenlesi namba 316, si 304. Chuma cha kawaida kikigusana na alumini kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Mtaona unga mweupe pembezoni mwa kila skrubu, na chuma chenyewe kitafuata kwa kutu. Na mwisho wa yote ni silikoni. Alumini hutanuka zaidi ya mara mbili ya kioo. Kipande cha mita 4 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana chaweza kurefuka kama milimita 3, kioo hakifiki nusu ya hapo. Kila siku silikoni yavutwa na kurudi, yavutwa na kurudi. Mapaa ya vioo huvujia hapo.

PankaHaizimwi

Fundi umenivunja mbavu na hiyo chai. Na polikaboneti je, yale mabati ya plastiki yapitishayo mwanga? Jirani yangu ameweka kwenye maegesho ya gari.

FundiVioo_Kisauni

Ni nyepesi na haivunjiki ovyo, hilo kweli. Lakini ina upande mmoja tu wenye kinga ya jua, na mafundi wengi huugeuza ndani kwa kubandua karatasi kabla ya kusoma. Ikawekwa kinyume, yageuka manjano na kukakamaa mapema. Tena hutanuka kupita hata alumini, ukiibana kwa skrubu bila tundu kubwa yajikunja. Kwa gari sawa. Kwa mavyaa joto ni lilelile.

Mpangaji_Bamburi

Nimekuja mbio. Nyumba niliyopanga ina chumba hichohicho, mwenye nyumba alikijenga zamani kwa ajili ya wageni wa likizo. Kinatazama baharini, yaani macheo, si machweo, na paa ni kioo nusu.

Saa tatu asubuhi kimeshafunga kazi. Saa saba hata paka hapiti. Jioni baada ya isha, madirisha yote yakiwa wazi na upepo wa kusi unavuma, hapo pazuri kweli, tunakaa na chai. Masika naanikia nguo humo, na kwa kazi hiyo sijaona mfano wake. Sare za shule zakauka mvua ikinyesha. Kwa hivyo nina sehemu ya kuanikia nguo yenye mandhari ya bahari.

AC imo. Ukiifungulia sawasawa wakati wa unyevu, kioo chafanya ukungu upande wa nje, kwa sababu hewa yetu yabeba maji mengi na kioo kimepoa. Bahari uliyoilipia huioni tena.

Halafu kunguru. Nyinyi watu wa Mombasa mwawajua. Paa la kioo kwao ni meza: mifupa, vipande vya mahamri, kila uchafu wa jaa la jirani. Nalo huwezi kulipanda kulisafisha. Ukiliosha kwa maji ya kisima, ambayo kwetu ni ya chumvi, yabaki madoa meupe ambayo siki pekee ndiyo huyatoa. Maji ya mfereji siku yanapokuja tunayakinga kwa kupikia, hatuoshei paa.

Dada, ule mnazi wako. Umefikiria nazi?

BintiMkomani

Wallahi nazi sikuifikiria. Shemeji kule hana mnazi.

MamaWawili_Tudor

Mimi naleta jambo la wanawake, wanaume watusamehe. Mwazungumza joto tu, stara hamjaigusa. Mchana kioo chenye utando wa kioo-cha-kujitazamia hukuficha, kweli, kwa kuwa nje kuna mwanga kuliko ndani. Taa zikiwashwa usiku mambo yageuka: wewe huoni nje, wa nje wakuona mpaka ulichovaa. Mavyaa atakuwa hana hata pa kuvua mtandio. Mtaishia kuweka mapazia pande zote, na chumba cha vioo chenye mapazia pande zote ni chumba tu.

Na griili? Fundi ameutaja uzito wa kioo, hakutaja kwamba mwizi naye ana macho.

MzeeWaKibokoni

Wajukuu, nimesoma yote, nami nina neno.

Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa na watu waliolijua jua hili. Kuta za matumbawe na chokaa, nene kama nusu mita, zachelewa kupata moto. Vyumba vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Mwanga uliingia kwa ua wa katikati, ulioachwa wazi juu, na hewa moto ikapanda ikatokea hapohapo. Huko juu roshani za mbao zilizotobolewa tobolewa: mwanamke akae, aone njia, apate upepo, asionekane. Kuona nje, upepo na stara, yote matatu roshani iliyatoa bila kioo hata kimoja. Bi Tudor amenena kweli.

Tena mtazame pepo zenu. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini mashariki. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, hutoka kusini mashariki. Nyuma ya nyumba yenu, kama magharibi ndiko inakotazama, upepo haufiki moja kwa moja. Wafika tu ukipita ndani ya nyumba. Mkikiziba chumba hicho kwa kioo mmeuziba upepo wa sebule pia, hapana pa kutokea. Hasara ya pili hiyo.

Mimi ningelitoboa upande wa kibla. Hapa kwetu kibla ni kaskazini karibu kabisa, na mwanga wa kaskazini, ukiwa na upenu, ni mtulivu kwa msomaji. Atasoma akiwa ameelekea kibla, na herufi hazitamuumiza macho.

LimuruJuu

Habari zenu wa Pwani. Naomba kutofautiana kidogo. Mimi niko Limuru na chumba changu cha vioo ndicho mahali pazuri kuliko pote nyumbani. Julai asubuhi kuna ukungu na baridi ya kuuma, huku ndani mama yangu anakunywa chai bila sweta. Miche yangu ya nyanya iko humo. Kwa hivyo si kweli kwamba vioo havifai Kenya.

MchoraRamani

Hakuna aliyesema Kenya, ndugu. Limuru mko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, usiku wa Julai mwatafuta blanketi. Sisi usiku huohuo tuna nyuzi 20 na kitu. Chumba chako kipo mahali pake.

Nesi_Makadara

Nimengoja mtu aguse vitamini D, hakuna.

BintiMkomani, sababu yenu ya tatu haifanyi kazi. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa miale ya UVB, na kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu yote. Kinachopita ni UVA, ambayo hupausha mazulia na kuzeesha ngozi. Mama wa watu atakaa kwenye joto lote hilo na vitamini hapati. Jua la kumfaa ni la nje, moja kwa moja kwenye mikono na miguu, wakati kivuli chake ni kifupi kuliko yeye, na kwa muda mfupi. Muda gani, na kama atahitaji vidonge juu yake, amuulize daktari wake, hasa akiwa na maradhi mengine. Kwa akina mama wanaojistiri wakitoka, ua wenye ukuta mrefu ndio mahali pake. Na ua mnao tayari! Mnataka kuufunika.

BintiMkomani

Nesi, hapo umenimaliza. Nimemsomea mume wangu jibu lako, amenyamaza, na akinyamaza ndiyo amekubali.

Lakini bado nina mavyaa anayerushiwa mvua na anayetaka mwanga. Na shemeji anayetaka kutoa pesa. Tufanye nini basi?

MchoraRamani

Geuzeni. Juu pawe pazito, pasipopenya jua, ubavuni pawe pepesi na pa kufunguka.

Paa: mabati yaliyopakwa rangi nyeupe, chini yake tabaka la kuzuia joto na dari, na katikati nafasi yenye matundu ya hewa pande mbili. Litoke nje ya kuta mita 1.2 kwa kaskazini na zaidi kwa magharibi. Mwanga msiuogope kukosekana. Jua la mchana nje hufika laksi (kipimo cha mwanga) 100,000, na kusoma vizuri kwahitaji kama 500 tu. Dirisha la kimo cha wastani upande wa kibla lampa mavyaa ziada, hata siku ya mawingu.

Kuta: ukuta mfupi wa mawe hadi kwenye kiuno cha mtu aliyekaa, juu yake luva za vioo. Luva zile za zamani ambazo watu wazing'oa kuweka madirisha ya kuteleza! Dirisha la kuteleza hufungua nusu, luva hufungua karibu yote, na mvua ya kawaida ikinyesha waziinamisha, upepo wapita na maji hayaingii. Ndani ya luva neti ya mbu. Griili iwe kwa nje.

Magharibi: mapazia ya mianzi ya kukunja, yaning'inie nje chini ya upenu, yashushwe saa nane na kupandishwa jua likitua. Au pandeni bogenvilia kwenye waya, nusu mita mbali na ukuta. Na juu kabisa, chini ya dari, matundu ya kutoa hewa moto yasiyofungwa kamwe. Panka moja. AC hapana haja.

Acheni pia ukanda wa mita moja wa ua bila paa, upande wa ukuta mrefu. Hapo ndipo pa jua la Nesi.

KaratasiKwanza

Kabla hamjanunua msumari: hii ni nyongeza ya jengo, na chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 yahitaji idhini ya kaunti, pamoja na ramani iliyochorwa na mtu aliyesajiliwa. Kama mtaa wenu una chama cha wakaazi, waambieni mapema. Na wanaosoma uzi huu kutoka Majengo au kwengineko mnakoishi kwa mtindo wa nyumba bila ardhi: mwenye ardhi kwanza, fundi baadaye. Kodi ya kiwanja haikupi ruhusa ya kuongeza chumba. Mji wa Kale ndio kabisa, ni eneo la hifadhi; huko hata kubadilisha dirisha kwaulizwa, na makumbusho wanahusika.

PankaHaizimwi

Sasa nani atampigia shemeji amwambie pesa zake za vioo zanunua mabati?

BintiMkomani

Amepigiwa. Mavyaa mwenyewe ndiye aliyezungumza naye. Alimwambia, "Mwanangu, mimi nilikipenda kile kwa sababu nje kulikuwa na barafu. Hapa nipe upepo." Shemeji amecheka, pesa atatuma vilevile.

Tumekubaliana kwenda na mpango wa MchoraRamani, na dirisha la kibla la Mzee wetu, Mungu amweke. Ramani itakwenda kaunti. Maswali mawili yamebaki: mnazi tuukate? Na FundiVioo, luva nikuletee vipimo sasa ili uanze?

Mpangaji_Bamburi

Usiukate! Ndio kivuli chenu cha magharibi. Mwite mkwezi apunguze nazi na makuti makavu kabla hayajaanguka, na umfanye awe anarudi. Mabati yatapiga kelele ikianguka moja, lakini hayatammwagikia mtu.

FundiVioo_Kisauni

Vipimo vya kwenye ramani usiniletee. Ngoja mwashi amalize, plasta ikauke, ndipo nije nipime mwenyewe kila nafasi juu, katikati na chini. Ramani yasema mita 1.2, ukuta wasema 1.17 upande huu na 1.19 upande ule, na luva haina huruma na sentimita mbili. Skrubu nitakuja nazo mimi, za 316. Mwambie mwashi asiziguse.